Macho ya Mageni

Jilala hakuketi. Alisimama upande wa pili wa kaunta ya studio, kofia mkononi, vumbi la safari limemganda mpaka kwenye nyusi. Akatoa bahasha ndani ya shati, akachomoa picha na kuilaza juu ya kioo. Kisha akaweka kidole chake kinene juu yake, kama mtu anayezuia kitu kisikimbie.

"Itazame," alisema.

Donatus aliinama. Aliona weupe wa shela, weusi wa suti, na mabaka ya rangi ambayo yangeweza kuwa watu wowote duniani. Alijua ni harusi ya Limi, bintiye Jilala, kwa sababu hapakuwa na harusi nyingine ambayo Jilala angeibeba kutoka Busenda mpaka Shinyanga mjini.

"Harusi ya mwanetu," alisema. "Imetoka vizuri."

"Imetoka vizuri?"

Sauti ile ilimshtua. Kwa zaidi ya miaka hamsini alikuwa ameisikia sauti ya Jilala katika kila hali: akiita ng'ombe, akicheka kilabuni, akilia kaburini kwa baba yake. Hakuwahi kuisikia ikitetemeka namna ile, kama kamba iliyovutwa mpaka mwisho.

"Nionyeshe unachotaka nikione, ngosha."

"Macho ya Mageni. Tazama macho ya mke wangu, Donatus."

Hakumwita ngosha, kama walivyoitana wao kwa wao siku zote. Donatus alifungua mtoto wa meza, akatoa kioo cha kukuzia, akakisogeza juu ya picha taratibu mpaka uso mmoja ukajitokeza kwenye ukungu. Alikuwa Mageni, mama wa bibi harusi, amesimama nyuma ya wanawe, amevaa kitenge kipya. Wengine wote walikuwa wanamtazama bibi harusi, au wanacheka na walio pembeni. Mageni peke yake ndiye aliyeielekea kamera. Na pale zilipotakiwa kuwa mboni zake palikuwa na vidoa viwili vyekundu kama makaa.

Donatus alikiweka kioo chini. Yeye mwenyewe alizaliwa Busenda. Hakuhitaji kuambiwa macho mekundu ya mwanamke mzee yana maana gani katika vijiji vile, wala ni wanawake wangapi walikuwa wameitwa wachawi na kukatwa mapanga milangoni kwao kwa sababu tu moshi wa jikoni wa miaka mingi uliwachoma macho.

"Nani ameiona?"

"Uliza nani hajaiona."

Jilala alisimulia akiwa amesimama vilevile. Wiki tatu nyuma, huko Nyarugusu upande wa Geita, duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limeporomoka na kuwafukia wachimbaji wanne waliokuwa chini. Mmoja wao alikuwa Luka, mtoto wa marehemu mdogo wake. Jilala na Mageni walimlea Luka tangu akiwa na miaka mitano, yeye na kaka yake Valerian. Siku hiyo Valerian alikuwa juu, anavuta mawe kwa kamba. Ndiye aliyemfukua ndugu yake, ndiye aliyeileta maiti nyumbani juu ya lori. Siku ya kuanua matanga alikuwa ameketi kimya sebuleni kwa mama yake mkubwa, akiutazama ukuta ulipotundikwa picha ya harusi. Mara akainuka, akaitoa kwenye fremu, akatoka nayo bila kuaga.

"Hii ni nakala yangu mimi," Jilala alisema. "Ile nyingine anatembea nayo mfukoni, anawaonyesha watu. Anasema duara lao lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kutema dhahabu, na sisi nyumbani tulijua. Anasema Mageni alimtazama Luka kwa macho haya." Aliigeuza kofia mkononi. "Kesho alasiri sungusungu wanakutanisha kijiji pale kwenye ghala la pamba. Neno baya likishatamkwa pale, halirudi. Hata wasipofanya kitu wao, yuko atakayefanya."

"Waambie ni taa ya kamera."

"Mimi mchunga ng'ombe nijue nini kuhusu taa ya kamera? Uje useme wewe."

Donatus alijua sawasawa kilichotokea. Ukimpiga mtu picha mahali penye giza, taa ya kamera ikiwa imekaribiana na lenzi, mwanga huingia ndani ya jicho na kurudi na wekundu wa damu iliyomo. Hilo lilikuwa halimtokei zamani, alipokuwa akitumia kamera yake kubwa ya kuchungulia kwa juu, ambayo taa yake aliishika mkononi, mbali. Ila kamera ile ilimtaka mtu ailenge kwa jicho, azungushe lenzi mpaka uso usimame wazi kwenye kioo, na sasa yalikuwa yapata miaka miwili tangu uso wowote usimame wazi mbele ya Donatus. Ndipo alipokwenda dukani kwa Zeeshan akachukua kamera ndogo inayojilenga yenyewe, na kwa watu akasema mgongo umechoka kubeba chuma.

Daktari alikuwa amemwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, aende Mwanza akapasuliwe. Hakwenda. Aliogopa kisu, lakini kuliko kisu aliogopa maneno ya mjini: yule mpiga picha, kumbe kipofu. Hata bintiye Philomena, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, hakumwambia. Alizihesabu hatua za nyumbani mpaka studio. Wateja aliwajua kwa sauti. Na picha ziliporudi kutoka kusafishwa Mwanza, alikuwa bado akikaa na kioo chake cha kukuzia na brashi nyembamba, akitia tone la wino mweusi kila alipoona wekundu. Katika zile za Limi aliyaziba macho ya watoto wawili na ya padri. Ya Mageni hakuyaona.

"Ziba hii basi," Jilala alisema ghafla. "Hapa hapa. Nione kwamba inazibika, nipate cha kuamini njiani."

Donatus alichovya brashi. Mkono ule ulikuwa umechora mboni za maelfu ya watu: maharusi, wanafunzi wa sekondari, wazee wa pensheni waliotaka kuonekana vijana. Aliushusha polepole, akibana pumzi. Alipohisi ncha imegusa karatasi, alibonyeza.

"Hilo ni shavu," Jilala alisema.

Donatus alifuta kwa kidole. Wino ukatambaa mpaka mdomoni, na uso wa Mageni ukawa kama uliochapwa fimbo.

"Mkono umeteleza."

"Mkono wako haujawahi kuteleza."

"Nimechoka, ngosha. Hata mimi nazeeka." Alicheka, na kicheko chake mwenyewe hakikumpendeza. "Nina picha nyingine zenye kasoro hiihii, nilizibakiza hapa. Nitakuja nazo. Wakiona watu wengine wenye macho mekundu, tena watu wa heshima, hawatakuwa na la kusema."

Jilala alimtazama kwa muda mrefu. Donatus hakuuona mtazamo ule, ila aliuhisi usoni kama mtu anavyohisi joto la jiko alilopewa mgongo. Kisha Jilala akaifuta picha kwa mkono wa shati, akairudisha ndani ya bahasha.

*

Waliondoka alfajiri, juu ya lori lililokuwa likirudi Kahama na magunia matupu. Walipofika Kagongwa Jilala alichukua baiskeli yake aliyoiacha kwa fundi, akamkalisha Donatus kwenye kiti cha nyuma, sanduku la picha mapajani, wakaingia njia ya mchanga.

Ujanani Jilala angeimaliza njia ile akiimba, na gunia la mpunga nyuma yake. Sasa kila penye kilima kidogo alishuka. "Nashuka upumzishe mgongo wako," alisema mara ya kwanza, na kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi. "Asante, ulikuwa unauma kweli," Donatus alijibu, ingawa mgongo wake haukuwa na neno lolote. Wakatembea bega kwa bega, wakiisukuma baiskeli, kila mmoja akimtunzia mwenzake uongo wake.

Walikuwa hivyo tangu zamani. Katika uchungaji Jilala alikuwa mkimbiaji na Donatus mtunga visingizio: ndama akipotea, mmoja aliingia porini, mwingine alibaki kumweleza mzee kwa nini wamechelewa. Baadaye mapadri walimchukua Donatus shule, na humo akajifunza picha kwa bruda mmoja mgonjwa aliyetaka mtu wa kumshikia taa. Jilala alibaki na ng'ombe. Lakini hapakupita mwaka bila mmoja kuvuka kizingiti cha mwenziwe, na mambo ya ndani ambayo wanaume wengi huenda nayo kaburini, wao waliambiana. Ndiyo maana lile moja ambalo Donatus hakulisema lilikuwa limemkaa kifuani kama mfupa. Kila mwezi uliopita lilizidi kuwa gumu kulitoa, kwa sababu sasa ingebidi aseme pia kwamba alilificha.

Walipofika nyumbani kwa Jilala, Donatus alishuka na kusimama. Pua yake ilikuwa imenusa utomvu mbichi.

"Nani amekata minyaa?"

Jilala aliiegemeza baiskeli. "Mkutano huo wa leo, hatujui utakwisha vipi. Lakini juzi usiku mtu alikata ua, nyuma ya jiko la Mageni. Upana wa mtu mmoja kupita. Mbwa hakubweka. Asubuhi tulimkuta amekufa."

Mageni alitoka ndani. Donatus alimjua kwa mwendo, kwa namna alivyoburuza kisigino cha kushoto. Alipomkaribia alisimama mbali kidogo kuliko ilivyokuwa desturi yake.

"Mwadila, shemeji," Donatus alisema.

"Mwadila. Karibu." Akaikaza kanga yake. "Miaka arobaini unanipiga picha, shemeji. Nikiwa mwali, nikiwa na mimba, nikiwa na msiba. Kila mara nilipojitazama, nilijiona. Safari hii umeniletea mtu nisiyemjua."

"Ni taa, shemeji."

"Baba Limi ameniambia. Mimi nimekubali." Sauti yake haikupanda. "Lakini watoto wa jirani wakiniona kisimani wanakimbia na ndoo tupu. Wao nani atawaambia?"

"Twende mjini," Donatus alisema. "Philomena ana chumba. Ukae mpaka mambo yapoe."

"Nikiondoka nitakuwa nimekubali. Na nikirudi nitaikuta nyumba ni majivu." Alimpokea sanduku la picha kama anavyopokewa mgeni mzigo. "Kula kwanza. Mtu hasimami mbele za watu na tumbo tupu."

*

Saa tisa alasiri uwanja wa ghala ulikuwa umejaa. Msimu wa kununua pamba ulikuwa umekwisha, ila nyuzi zilikuwa bado zimenasa kwenye ukuta wa matofali na kwenye nywele za watoto. Wanaume waliketi juu ya magogo, wanawake chini upande wa pili. Vijana wa sungusungu walisimama pembeni na pinde, filimbi shingoni. Mageni alikuwa ameambiwa abaki nyumbani mpaka aitwe, na neno lile "mpaka" Jilala alikuwa amelitafuna njia nzima.

Kamanda wa sungusungu aliitwa Mihayo, mtu wa makamo mwenye sauti ya polepole. Alimpa Valerian nafasi ya kwanza.

"Sikuja kumtukana mama mkubwa," Valerian alisema. Donatus alitegemea kusikia sauti ya mtu mbaya, akasikia ya mtoto aliyekesha. "Uji wake ndio ulionikuza. Lakini ndugu yangu nimemfukua kwa mikono hii, mdomo umejaa udongo. Lile duara lilikaa imara miezi saba. Miezi saba tunatoa mawe matupu, halijatikisika. Siku tunaanza kuona rangi ya dhahabu, ndiyo siku limeanguka. Kwa nini siku hiyo? Anayejua aniambie, mimi nitaketi." Akageuka pande zote mbili. "Basi mimi nimeona hii." Akainua picha juu.

Mnong'ono ulipita upande wa wanawake kama upepo katika mtama.

Donatus alisimama. Alieleza habari ya taa na jicho, polepole, kwa Kiswahili na hapa na pale kwa Kisukuma, na alisikia watu wakimsikiliza, kwani alikuwa mtoto wa pale na nusu ya nyumba za kijiji zilikuwa na kazi yake ukutani. Kisha akafungua sanduku na kuzigawa picha saba. Zikapita mkono kwa mkono.

"Huyu si padri?" mtu mmoja alisema, na watu wakacheka. Donatus akapumua. Alihisi Jilala naye anapumua, pale kwenye gogo kando yake.

"Na huyu ni mtoto mchanga!"

"Ndiyo," Donatus alisema. "Mnaona? Hata mtoto mchanga."

Kisha sauti ya mwanamume, kutoka nyuma: "Huyu namjua. Si yule mama wa Kagongwa, muuza dagaa? Kumbe!"

"Lete nione. Ehe, ndiye. Kumbe na yeye!"

"Ndiyo maana yule mkwe wake..."

Kicheko kilikufa. Neno "kumbe" lilitembea kutoka gogo hadi gogo, na kila lilipofika watu waliinamia picha upya, kwa macho mengine. Donatus alielewa alichokifanya. Alikuja kuokoa shingo moja, akawa amewaletea nyingine.

"Nirudishieni," alisema. "Nirudishieni picha zangu!"

Alizipokea kwa kupapasa, akizihesabu vidoleni. Sita. Alisimama na kuinyoosha mikono mbele yake, na hakuketi mpaka ya saba ilipotoka kwenye kundi la vijana na kutiwa mkononi mwake ikiwa imekunjwa. Akalifunga sanduku, akaliweka chini ya miguu.

"Mzee Donatus," Mihayo alisema. "Nisaidie jambo moja. Umesema wekundu huu hutokea mara kwa mara."

"Ndiyo."

"Na wewe huuziba kwa wino kabla hujawapa watu picha zao."

"Ndiyo. Hizi saba ni nakala mbovu, hazikutoka studio."

"Hii ya mama Limi ilitoka. Kwa nini hukuiziba?"

Mahali fulani ng'ombe alikohoa.

"Semeni tu," Valerian alisema. "Kwa wengine wino ulikubali. Kwake ukakataa."

Watu wakaguna, na ndani ya mguno ule Donatus alisikia njia nzima iliyobaki ya maisha ya Mageni ikifungwa. Angeweza kusema alisahau. Lakini wote walijua hajawahi kusahau. Alikuwa amewatangazia hivyo yeye mwenyewe kwa miaka thelathini, kwa majivuno, kila alipokabidhi bahasha. Alifikiria ubao wa studio wenye jina lake. Alifikiria asubuhi atakayofungua mlango na mtu asiingie. Upande wa kulia alisikia kifua cha Jilala kikipiga filimbi ile ndogo ya kilimani. Jilala hakumgusa, hakumsukuma, hakusema neno. Hilo ndilo lililomshinda.

"Wino haukukataa," alisema. "Sikuuona wekundu."

"Hukuuona vipi?"

"Sioni."

Alilirudia, kwa kuwa mara ya kwanza lilitoka kama pumzi. "Sioni. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa pili huu. Siku ya harusi nilielekeza kamera mahali niliposikia vicheko. Picha ziliporudi nilizipitia kwa kubahatisha. Nimewadanganya wote mliokaa mbele yangu tangu wakati huo. Kosa la macho yale ni langu, si la mama huyu."

"Anamkinga rafiki yake!" mtu alipaza sauti. "Hawa ni kama mapacha."

"Inawezekana," Mihayo alisema. Alifikiri. "Mzee, tupe mgongo."

Donatus aligeuka. Alisikia nyayo nyingi zikienda na kurudi mchangani, makusudi, ili asipate kuzifuata. Kisha zikasimama.

"Geuka. Kuna watu wanne ukutani kwa ghala, hatua thelathini. Mmoja ni Jilala. Tuonyeshe."

Mbele yake palikuwa na weupe kama wa maziwa, na ndani ya weupe huo nguzo nne nyeusi. Alijua kwamba akikosea ndipo Mageni atapona. Akili ilijua hivyo, ila moyo ulikataa. Hakuweza kusimama mbele ya kijiji chake akamkosa Jilala kwa hiari, hata kwa faida ya Jilala mwenyewe. Alikaza macho mpaka machozi yakatoka. Aliitafuta ile nguzo iliyo yake kwa uaminifu wote aliokuwa nao. Na akaiona. Mmoja wao alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja, unyayo umeegemezwa gotini, mwili umelalia fimbo.

Akanyoosha kidole kwa furaha.

"Wa pili kutoka kushoto," alisema.

"Una hakika?"

"Jilala anipotee? Ndivyo alivyosimama tangu tukichunga. Ni yule pale."

Kutoka ncha nyingine kabisa ya ukuta sauti ya Jilala ikaja, ndogo, kama inayotoka ndani ya chumba.

"Mimi niko huku, Donatus."

Donatus alikishusha kidole. "Yule ni nani basi?"

"Yule ni Valerian," Mihayo alisema.

Donatus alitafuta gogo kwa mkono, hakulipata, akabaki amesimama. "Basi ndivyo alivyokuwa," alisema, si kwa mtu fulani. "Jilala, akiwa na umri wa kijana huyu. Ndivyo hasa alivyokuwa."

Ukutani kwa ghala, yule aliyesimama kwa mguu mmoja aliushusha mwingine chini, taratibu, kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine.

Mihayo alikuja katikati ya uwanja. "Aliyepiga picha haoni. Picha ya mtu asiyeona mimi siwezi kuifanya shahidi." Aliita picha iletwe. Valerian alichelewa, na wale vijana wenye pinde wakaanza kutazamana, ndipo alipokuja na kuitoa. Mihayo hakuichana. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. "Sungusungu hawana neno na mama Limi. Mwenye neno ni lake peke yake, na akilitenda tutamfuata."

Watu waliinuka. Wengine walipita karibu na Donatus wakamwambia pole, na wengine walipita mbali.

*

Jilala alitangulia. Donatus alimfuata kwa sauti ya katambuga zake za matairi kwenye mchanga, na zilikuwa zikienda kasi kuliko zilivyopaswa. Jua lilikuwa limeinama nyuma yao. Walitembea hivyo mpaka nyumba za mwisho zikaisha, ndipo katambuga ziliposimama.

"Miaka miwili," Jilala alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuja krismasi. Tukakaa pale nje. Nikakwambia, tazama yule fahali mwekundu alivyonenepa. Ukasema, fahali kweli."

"Nilimsikia akicheua."

"Siku nilipokwambia kifua changu kinaziba usiku, nilikwambia wewe kabla ya Mageni." Sauti ya Jilala ilipasuka katikati. "Ungeniambia, Donatus. Ningekuja mjini nikakaa nawe siku hizo za picha. Ningekuambia, hapa ni pekundu, tia wino. Tungekuwa tumemaliza."

Donatus alitafuta kisingizio, yeye aliyekuwa fundi wa visingizio tangu utotoni, na hakukiona hata kimoja.

"Niliona haya," alisema. "Mbele yako kuliko mbele ya watu wote."

Ndipo waliposikia mnyororo wa baiskeli nyuma yao. Ulikuja kwa kasi, kisha ukapunguza. Jilala alimshika Donatus kifundo cha mkono, kwa nguvu, akamvuta pembeni mwa njia.

"Ni nani?" Donatus alinong'ona.

"Valerian."

"Ana nini mkononi?"

"Sijaona. Nyamaza."

Baiskeli ilisimama. Mtu alishuka. Kwa muda palisikika pumzi za watu watatu tu, na moja ilikuwa na ile filimbi ndogo ndani yake. Tangu siku ya mazishi kijana yule hakuwa amemsalimu baba yake mkubwa. Alipita kando yake njiani kama anayepita kichuguu.

"Shikamoo, baba mkubwa," Valerian alisema.

Vidole vya Jilala vilibaki pale pale kwenye kifundo cha Donatus.

"Marahaba," alisema mwishowe.

Wakaanza kwenda, Jilala na Donatus mbele, baiskeli ikisukumwa nyuma yao, si karibu na si mbali. Donatus alisikiliza magurudumu. Alijaribu kuyapima, kama yalikuwa magurudumu ya mtu anayerudi nyumbani au ya mtu anayeijua njia ya kupita kwenye ua uliokatwa, na hakuweza kutofautisha. Alihisi kwa mkono ulioshikwa kwamba Jilala naye hawezi, pamoja na macho yake mazima.

Harufu ya minyaa iliwafikia kabla ya nyumba yenyewe. Mbele, kwenye mwanga uliokuwa ukigeuka dhahabu, Donatus aliona kitu cheusi kimesimama wima.

"Nani yule mlangoni?" aliuliza.

Jilala alikawia. Aliyejibu alikuwa nyuma yao.

"Ni mama mkubwa."

"Anafanya nini?"

"Ameweka mkono juu ya macho. Jua linampiga." Magurudumu yalisimama. "Hawezi kutuona vizuri."

Mageni aliwatazama kwa muda, mkono ukiwa usoni. Walikuwa wamebakiza hatua chache alipoita, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Walioondoka walikuwa wawili. Huyo wa tatu ni nani?"

Donatus alifungua kinywa, na kile kidole kinene cha Jilala kikambana kifundo cha mkono. Jilala aligeuka nyuma, akamtazama kijana, kisha akamwachia ajibu mwenyewe kama ni mwana aliyerudi au ni adui.